Ufundi wa Kunyima Maji

Mwezi wa saba, miinuko ya Tarime ina ubaridi wa kipupwe asubuhi na vumbi jekundu mchana. Katika bustani ninayoizungumzia, migomba imesimama, mchicha unamwagiliwa kila jioni kwa keni, na waridi la mlangoni limepunguzwa matawi. Katikati ya vyote hivyo kuna tuta moja lenye upana wa mkeka, limezungushiwa mawe, halina hata jani. Juu yake kuna bati kuukuu lililoegeshwa kwenye matofali manne ili hewa ipite. Mgeni hudhani mahali hapo pametelekezwa. Mwenyewe hufika hapo kila asubuhi kabla ya kugusa kitu kingine: huinama, huchungulia chini ya bati, hubonyeza udongo kwa kidole gumba, kisha huinuka na kwenda zake bila kufanya lolote. Kwa ajili ya asubuhi hizo nimekuwa nikimtembelea, na kwa ajili yake naandika.

Ni mwalimu mstaafu, na kijiji kizima bado kinamwita Mwalimu. Anakuza maua ya matunguu, yaani mimea inayokaa ardhini ndani ya tunguu, mingi yake ikiwa jamaa wa karibu wa kitunguu cha jikoni, ambayo hulala miezi mikavu na kuamka vuli inapokaribia. Mingine hutoa ua kabla ya kutoa jani. Chini ya bati lile wamelala wa aina nne. Wapo amarilisi wenye maua mekundu yenye umbo la tarumbeta, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini. Lipo yungiyungi la pori, jeupe lenye mstari mwekundu mgongoni mwa kila petali, ambalo wataalamu huliita Crinum. Ipo gladiola ya porini ya rangi ya chungwa. Na lipo lile ambalo kwalo watu husimamisha baiskeli barabarani: duara jekundu la maua yaliyosongamana juu ya bua moja nene, bila jani, linalochomoza kwenye ardhi iliyoonekana imekufa.

Hilo la mwisho ni Scadoxus multiflorus. Vitabu vya zamani viliandika Haemanthus, na katalogi nyingi za maua bado zimeng'ang'ania jina hilo, ingawa mwaka 1976 Ib Friis na Inger Nordal walieleza kwa nini linapaswa kukaa katika jenasi ya Scadoxus. Nordal huyohuyo ndiye aliyeandika juu ya familia hii ya mimea katika kitabu kikubwa cha Flora of Tropical East Africa, sehemu iliyotoka mwaka 1982. Ua hili ni la kwetu. Linaota karibu kila pembe ya Afrika kusini mwa Sahara, kwenye kivuli cha vichaka, juu ya vichuguu, katikati ya mawe. Duara moja linaweza kubeba maua madogo 200. Kwenye maduka ya Ulaya tunguu lake linauzwa kwa bei ya kitu adimu, na huku kwetu mtu hulikata kwa jembe akipanda mihogo, akalitupa pembeni bila kuliangalia mara mbili.

Mwalimu alipata mengi ya kwake kwa kuyaokota hapo pembeni: kwenye mashamba ya ndugu yanayolimwa upya, na kando ya barabara greda linapochonga mtaro na kuacha matunguu yametapakaa juani. Hajawahi kung'oa hata moja hifadhini, na hataki kusikia habari hiyo. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951 na ndani yake mmea una ulinzi uleule wa mnyama. Isitoshe, asema, anayeng'oa tunguu likiwa linachanua amelikosa, kwa sababu wakati huo limekwisha kutumia akiba yake yote na halina kitu cha kuanzia maisha mapya.

Watu wa kaskazini wana baridi. Kule, mwezi wa Januari na Februari, theluji ikiwa bado chini, huchomoza ua dogo jeupe la Galanthus, na wako watu wazima wanaosafiri mbali kwenda kulipigia magoti. Tulipu isipopata wiki 12 hadi 16 za baridi kali hutoa ua kibeti, au haitoi kabisa. Baridi ile ni ujumbe. Tunguu linahesabu siku za baridi, na hesabu ikitimia ndipo bua lililo ndani huruhusiwa kurefuka. Mimi nilidhani kwa muda mrefu kwamba sisi tulio kwenye digrii moja na ushei kusini mwa ikweta hatuna kitu cha namna hiyo. Siku za Juni na Desemba hazipishani urefu kwa kiasi cha mtu kugundua, na usiku wa Tarime ulio baridi kupita zote haujawahi kutisha tulipu. Lakini tuna kiangazi. Kwa matunguu ya huku, ukame unafanya kazi ileile inayofanywa kule na theluji: unafunga mlango, unahesabu siku, kisha unafungua. Hata zafarani tunayotia kwenye pilau hutoka kwenye mmea wa tabia hiyo. Kule Iran, tunguu lake hulala kwenye udongo mkavu wa kiangazi kizima, na mwezi wa Oktoba hutoa ua la zambarau lenye nyuzi tatu nyekundu katikati, nazo ndizo zafarani yenyewe.

Mtu akishaelewa hivyo, bati la Mwalimu linaacha kuwa kituko. Analinda msimu. Katika wilaya hii, msimu mkavu unahitaji kulindwa.

Tarime na Serengeti ni wilaya jirani zinazotenganishwa na Mto Mara, lakini kwa mkulima wa matunguu ni dunia mbili. Tarime iko juu na inapata pumzi ya Ziwa Viktoria. Hata Julai, mawingu yakikusanyika upande wa ziwa mchana, jioni mvua inaweza kushuka ya nusu saa, ikalowesha udongo na kuondoka. Kwa migomba hiyo ni neema. Kwa tunguu lililolala ni uongo: linasikia unyevu, linatoa mizizi, linaanza kuvuta akiba, halafu wiki tatu za jua kavu zinaliadhibu. Likidanganywa hivyo mara mbili au tatu, kitako chake kinaanza kuoza. Ndiyo maana ya bati, na ndiyo maana ya ule mtaro mwembamba wenye kokoto unaozunguka tuta. Mwalimu anayatengenezea matunguu yake ukame ambao mbingu ya Tarime haiyapi sawasawa.

Ukivuka mto na kushuka kuelekea Mugumu, kisha upande wa Natta, Robanda na Fort Ikoma, mvua zinapungua kadiri mbuga inavyokaribia, na kiangazi kinajua kazi yake bila kusaidiwa na mtu. Huko shida ni udongo. Kijana mmoja anayetunza bustani ya nyumba ya wageni mjini Mugumu alinionyesha ule udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa unavimba na kushika maji siku nyingi, na ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Kuna mayungiyungi ya pori yaliyouzoea, tena yanachanua humo kwa wingi mvua zikianza. Amarilisi hawezi. Nyufa hukata mizizi yake, na maji yaliyotuama huozesha kilichobaki. Kijana yule ameinua matuta yake hadi magotini, akayajaza mchanga wa mto uliochanganywa na samadi ya miaka miwili. Habebi bati, habebi kokoto. Nilipomsimulia juu ya Mwalimu alicheka, akasema watu wa Tarime wana mvua hadi wanaifungia mlango. Mwalimu naye, nilipompelekea salamu hizo, alitaka kujua tu ile samadi ilikuwa ya ng'ombe au ya mbuzi.

Ufundi wenyewe unaanza mapema zaidi ya Julai. Unaanza Mei, mvua za masika zinapokata, na hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Majani ya matunguu yanakuwa yameanza kulegea na kupata manjano kwenye ncha. Mwenye bustani anayependa usafi huyakata, au huyafunga mafundo ili yasichafue macho. Mwalimu huyaacha. Tuta lake mwezi wa sita ni baya kwelikweli: majani yamelala ovyo, nusu kijani, nusu kahawia, na kuku wanayaparua. Wakwe wakija humwonea huruma. Yeye hupunguza maji kidogokidogo, kutoka kila siku mbili hadi mara moja kwa wiki, kisha hakuna. Jani hung'oka lenyewe linapovutwa kwa vidole viwili bila nguvu, na hapo tu ndipo huliondoa. Likikataa, hulirudishia heshima yake na kuliacha.

Sababu iko ndani ya tunguu, na alinionyesha kwa kulipasua moja lililokuwa limejeruhiwa na jembe. Kisu kilipita kutoka shingoni hadi kitakoni. Chini kabisa palikuwa na kile kitako kigumu, ambacho ndicho shina la mmea. Mizizi inatoka chini yake, na magamba meupe manene yamejipanga juu yake. Kila gamba ni sehemu ya chini ya jani, limejaa wanga na maji. Hayo hata kitunguu cha kachumbari kinayo. Kilichonishangaza ni kilichokuwa katikati ya magamba. Kwenye amarilisi, mmea hutoa majani manne, kisha tumba la ua. Majani manne tena, kisha tumba jingine. Na mpangilio huo kwa kawaida haubadiliki. Katika lile tunguu lililopasuliwa niliona tumba moja lenye urefu wa punje ya mahindi, rangi ya maziwa, limekwisha kuumbika. Ndani zaidi lilikuwapo jingine dogo kuliko kichwa cha pini. Ua ambalo lingechanua mwezi wa kumi lilikuwa limeanza kuumbwa karibu mwaka mzima nyuma, na la mwaka utakaofuata lilikuwa limekwisha kupangiwa foleni.

Kwa hiyo majani yale mabaya ya mwezi wa sita yanafanya kazi ya mwisho ya mwaka: yanarudisha chini kila kilichobaki ndani yake, na chakula hicho ni cha ua ambalo mwenye bustani bado hajaliona. Anayeyakata kwa ajili ya usafi anaiba kwenye hazina ya mwakani, na hatajua kwamba ameiba, kwa sababu tunguu halifi. Litatoa majani mazuri tu, bila ua, na yeye atasema mbegu ilikuwa mbaya au dukani walimdanganya. Sioni kazi nyingine ya bustani ambayo kosa lake hukaa mbali hivi na adhabu yake. Ukiunyima mchicha maji leo, kesho umenyauka mbele yako na umejifunza. Mkulima wa matunguu anasahihishiwa daftari lake baada ya mwaka mzima, na ndiyo maana wanaoijua kazi hii vizuri ni watu wazima wasio na pupa. Vijana wanaoiweza wapo, kama yule wa Mugumu, lakini ni wachache.

Kina cha kupanda nacho kina siri yake. Amarilisi hupandwa shingo ikiwa nje ya udongo. Scadoxus hupandwa ncha yake ikiwa usawa wa ardhi. Yungiyungi la pori yeye hajali sana, kwa sababu ana njia ya kujirekebisha mwenyewe: mizizi yake minene hushika udongo chini, kisha hujikunja na kufupika, ikilivuta tunguu kwenda chini kidogo kila msimu hadi lifike kina linachokitaka. Ukichimba mzizi wa namna hiyo utaona ngozi yake imefanya makunyanzi. Mwalimu anaijua mizizi hiyo kwa vidole, na akihamisha yungiyungi huihesabu na kuikinga na jua kwa gunia lenye maji, maana yungiyungi lililohamishwa vibaya hununa. Linaweza kukaa mwaka, hata miwili, likitoa majani tu. Yeye huhamisha akiwa hana njia nyingine.

Samadi anatoa kidogo, na lazima iwe ya zamani, iliyokwisha kupoteza harufu. Samadi mbichi hunenepesha majani na kulainisha tunguu, na tunguu laini ni chakula cha ukungu. Anachokipenda ni jivu la kuni, analinyunyiza mwezi wa nne, majani yakiwa na nguvu. Jivu hilohilo ndilo dawa yake ya vidonda. Akitaka kuzidisha amarilisi, huchukua tunguu lililolala, hulikata vipande kwa kisu alichokipitisha kwenye moto, akihakikisha kila kipande kina kidogo cha kile kitako, kwa sababu gamba lisilo na kitako halizai. Hupaka jivu kila mahali palipokatwa, huviacha kivulini siku kadhaa hadi vikauke uso, kisha huvilaza kwenye mchanga unyevunyevu. Baada ya wiki kadhaa, kati ya magamba, huonekana vitunguu vidogo vyeupe. Wakuzaji wakubwa wa Uholanzi wanafanya jambo hilohilo kwa mashine na vyumba vya joto. Yeye anatumia karai lililotoboka.

Maadui ni wengi. Nungu huja usiku, na anajua tunguu liko wapi bila kuonyeshwa. Mawe yanayozunguka tuta yamezikwa nusu kwa ajili yake. Fuko hupita chini. Mbaya kuliko wote ni kiwavi mmoja mweusi mwenye madoa ya njano, mtoto wa nondo aitwaye Brithys crini, ambaye anaujua ukoo huu wa maua na kuufuata popote ulipo Afrika. Mayai hutagwa kwenye jani. Viwavi wakiwa wadogo hula ndani ya jani, na ukiona jani limekuwa na dirisha la kupitisha mwanga ujue wamo. Wakikua hushuka shingoni, huingia kwenye tunguu, na wiki moja inatosha kubakiza uji. Mwalimu hanyunyizi dawa. Hukagua mgongo wa kila jani jioni, akiwa na kopo la maji ya sabuni. Nimemwona akiifanya kazi hiyo akiongea na simu, kichwa ameinamisha begani, vidole vikitembea jani hadi jani bila kukosea.

Ng'ombe na mbuzi hawana haja sana na matunguu haya, na sisi tungewaiga. Yana sumu. Ndani yake mna kemikali ya likorini, inayomtapisha vibaya anayeonja, na maji ya Scadoxus yametumika sehemu mbalimbali za Afrika kupaka mishale na kulevya samaki. Ukoo huohuo umeleta na dawa: kutoka kwa lile ua la theluji, Galanthus, na jamaa zake ilipatikana galantamini, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2001 kwa wagonjwa wa kusahau wa Alzheimer. Mwalimu haingilii mambo hayo. Sheria zake ni za mama wa nyumbani: matunguu ya maua hayaingii jikoni, hayakaushwi kwenye kichanja cha vyombo, hayawekwi kwenye kikapu kilichowahi kubeba vitunguu, na mjukuu yeyote anayeyashika ananawa mikono mbele yake.

Agosti inapoisha, joto la udongo huanza kupanda. Mwalimu hana kipimajoto; ana kile kidole gumba. Chini ya bati udongo bado mkavu, lakini ukibonyeza pale juu ya Scadoxus unakutana na kitu kigumu ambacho jana hakikuwapo. Bila tone la mvua, tunguu limeamua. Maji ya kusukuma bua limekuwa nayo muda wote, limeyahifadhi kwenye magamba tangu Mei. Ncha nyekundu yenye madoa hupasua ardhi, na kuanzia hapo mambo yanakwenda kasi. Bua hurefuka mbele ya macho kutoka asubuhi hadi jioni. Magamba membamba yanayofunika kichwa hufunguka, na maua hujitandaza hadi duara linakuwa kamili, kubwa kuliko chungwa lolote la sokoni, limejaa nyuzi nyekundu zenye chavua ya njano kwenye ncha. Kwa wiki moja, au mbili kukiwa na kivuli, tuta lile ambalo wakwe walilionea huruma linakuwa ndilo kitu pekee watu wanachokitazama.

Wiki moja! Miezi mitatu na zaidi ya kuchungulia chini ya bati. Nilipomuuliza kama haoni malipo ni madogo, alinitazama kwa namna alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyesoma swali vibaya. Yeye anahesabu pia kule kuchungulia, na zile asubuhi za kubonyeza udongo. Nadhani hakuwa anajitetea. Nimemwona mwezi wa saba akiwa ameinama juu ya ardhi tupu, na furaha ile haikuwa ya mtu anayesubiri kitu kingine.

Mayungiyungi hufuata mvua zenyewe. Siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza, jua likizama, tumba hufunguka, na harufu yake tamu hujaa uani hadi sebuleni. Jeupe lile na harufu ile ya usiku si kwa ajili yetu: yanaita nondo wenye ulimi mrefu, wanaoelea mbele ya ua na kunywa bila kutua. Moja ya mayungiyungi haya, Crinum kirkii, limepewa jina la John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza kule Zanzibar. Mbegu zake ndizo zinazonifurahisha zaidi. Ni kubwa, za kijani, hazina ganda gumu, na hazingoji mtu. Ukiziweka juu ya meza, pakavu kabisa, zinaota hapohapo kwa maji yaliyomo ndani yake, na kumwaga mzizi pembeni mwa kikombe chako cha chai. Mbegu za Scadoxus nazo, zilizomo ndani ya tunda jekundu, lazima zipandwe zikiwa mbichi. Zikikauka zimekufa. Mmea unaojua kustahimili ukame kuliko yote bustanini hauwezi kuustahimili katika utoto wake.

Tangu mbegu hadi ua la kwanza ni miaka mitatu au minne, na mara nyingine zaidi. Mwalimu ana sanduku la miche lililoandikwa mwaka kwa rangi ya ukutani, na anajua kila kundi lilitoka kwa mama yupi. Matunguu makubwa hampi mtu kirahisi, lakini mbegu anagawa kwa kila anayeomba. Wengi hawarudi kusimulia. Anayerudi mwaka wa pili akilalamika kwamba ameona jani moja tu, huyo humkaribisha ndani.

Kuhusu gladiola nitasema machache, kwani hiyo ni kazi rahisi: kiini cha ile ya dukani huchimbwa kila kiangazi, hukaushwa, na kutundikwa ndani ya soksi kuukuu hadi vuli. Lakini ile ya porini, Gladiolus dalenii, ina habari ambayo wauza maua wetu wangefaa kuijua. Yale magladiola marefu yanayopamba kumbi za harusi Dar es Salaam na Nairobi ni uzao wa jamii hii ya Afrika. Wakulima wa Ubelgiji waliichanganya na nyingine, na mwaka 1841 Louis van Houtte wa Gent akaanza kuuza mchanganyiko huo uliopewa jina la mji wake. Ua lilitoka huku likiwa na rangi ya chungwa, likarudi likiwa na rangi zote na bei juu. Mwalimu anayo yote mawili, la porini na la dukani. La dukani huangushwa na upepo.

Mwaka jana ndugu yake mmoja anayeishi Ulaya alimpigia simu kwamba atamletea tulipu. Alikuwa amesoma njia yake vizuri: unaweka matunguu kwenye friji wiki kumi na mbili au zaidi, yanadhani yamepita msimu wa baridi, kisha unayapanda na yanachanua hata ikweta. Ni kweli, watu wanafanya, na wanatakiwa kuhakikisha friji hiyo haina tunda lolote linaloiva, kwa sababu ile hewa ya etilini inayoivisha ndizi huua tumba ndani ya tunguu. Mwalimu alisikiliza yote hayo kwa makini, akauliza maswali mazuri, hasa juu ya kiwango cha baridi na kama umeme ukikatika siku mbili hesabu inaanza upya. Kisha akataka kujua friji ya wiki kumi na mbili isiyo na tunda itakuwa ya nani, maana ya kwake ina ndizi na maparachichi ya wajukuu, na bili ya umeme italipwa na nani. Ndugu akacheka, akasema basi atamletea chokoleti. Mwalimu akamwambia, kama ana nafasi kwenye mzigo, alete bati.